Kahawa, Malaika Kuruta wa Mbokomu

Jumapili jioni, mwezi wa saba. Baridi imekaza, wingu limeukalia mji tangu asubuhi, na mlima hatujauona wiki nzima. Jana mtalii mmoja aliingia dukani kwangu kuuliza uko upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole mahali ulipo, akapiga picha ya mawingu na kunishukuru sana.

Nimevaa soksi mbili mbili, nina chai ya tangawizi, na nina amani. Soksi na chai ninavyo kila mwaka msimu huu. Amani ndiyo sikuwa nayo tangu mwezi wa pili.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Ndeshi, nina duka dogo la steshenari Kiboriloni. Nachapa barua za watu, natoa fotokopi, najaza fomu za wenye haraka, na wateja wakipungua naandika mambo yangu. Wiki tatu zilizopita nilitangaza kwenye blogu hii, kwa mbwembwe zote, kwamba napanga hadithi ndefu ya kufikirika. Shujaa wake ni malaika mlinzi, tena malaika mpya kabisa kazini, kuruta. Na ni ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe namfahamu. Ni Kahawa, ng'ombe wa mama yangu kule nyumbani Mbokomu. Aliitwa hivyo kwa sababu ya rangi yake, na alikufa mwezi huo wa pili ninaousema.

Wasomaji wa mikoa ya malisho huenda hamjui tunavyofuga. Kwetu mlimani ardhi ni kiganja, migomba na mibuni inafika mpaka mlangoni, hakuna pa kumswagia ng'ombe. Anazaliwa bandani, anakulia bandani, na kila anachokula analetewa kichwani mwa mtu. Kahawa katika maisha yake hakuwahi kutembea zaidi ya hatua sita. Sasa huyo ndiye amefika mbinguni akaambiwa, haya, shuka duniani ukalinde watu.

Siku ya kwanza ya mafunzo wenzake wote wako uwanjani. Kuna jogoo mwenye majivuno. Kuna punda wa Sanya Juu aliyebeba magunia kimya kimya maisha yake yote, na sasa hanyamazi. Kuna mbuzi wawili waliofika siku moja kutoka harusi moja, na hawataki kuulizwa zaidi. Kahawa amesimama palepale alipowekwa, anangoja aletewe majani. Uwanja unamtisha: hauna ukuta, hauna hori, hauna mtu wa kumwambia sogea. Mkufunzi wao, pimbi mmoja mdogo mwenye sauti kubwa, anampigia filimbi, naye anaitazama filimbi akijiuliza kama inaliwa.

Nilipoandika hayo nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama barua yake ya kuomba kazi ina kosa.

Halafu kalamu ikagoma.

Ilikuwa hivi. Kabla ya kupewa mabawa, kila kuruta anajaza fomu. (Ndiyo, hata mbinguni nimepeleka fomu, kazi imeniingia kwenye damu.) Jina. Umri. Alikotoka. Sababu ya kufa. Hapo kwenye sababu ya kufa ndipo nilipokwama wiki mbili nzima. Nikaandika uzee, nikafuta, maana Kahawa alikuwa na miaka saba tu. Nikaandika radi, nikafuta. Nikajaribu kumfanya afe kishujaa akimwokoa mtoto mtoni, nikajicheka, maana huyo mto angeufikaje?

Siku ileile msomaji mmoja nisiyemjua akaandika chini ya tangazo langu: "Dada, huyo ng'ombe alikufaje?" Ni swali la nia njema kabisa. Mimi nikazima simu na kwenda kufagia duka ambalo lilikuwa safi.

Nilijua alikufaje. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua.

Mwezi wa pili, kabla ya masika, kule juu panakauka na majani yanakuwa ya kutafuta kwa tochi. Jumamosi moja asubuhi niliteremka Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, ambako maji hayakatiki, nikapata mzigo mzima wa majani yaliyokatwa kwenye kingo za majaruba. Yalikuwa mabichi, laini, yanachuruzika. Nikayapandisha nyumbani nikijisikia mtoto mwema kuliko wote.

Kila aliyekulia mlimani anajua kwamba majani ya namna hiyo hayaingii horini siku hiyohiyo. Yanaanikwa, yanalala, yananyauka, ndipo ng'ombe anapewa. Ukimpa mabichi akiwa na njaa, tumbo linajaa gesi. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma.

Lakini mama alikuwa kanisani na kikundi cha akina mama, na mimi nilitakiwa saluni saa nane, jioni kulikuwa na harusi ya rafiki yangu. Kahawa alikuwa ananitazama juu ya hori tupu kwa yale macho yake makubwa. Nikamwambia, haya kula mama, usije ukasema nimekunyima. Nikammwagia nusu ya mzigo. Nusu nyingine nikaianika vizuri kabisa nyuma ya nyumba, mama aikute anisifu.

Jioni nimeshavaa gauni, simu ikaita. Kahawa amevimba. Daktari wa mifugo alipofika alimkuta ameshalala chini, hawezi kuinuka. Alisema tumbo limejaa gesi, kuna kitu amekula. Mama hakuniuliza chochote, na mimi sikusema.

Miezi mitano sikusema.

Na mama akabadilika. Bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakwenda bandani, anafagia, na hakuna wa kufagiliwa. Migomba iliyo karibu na nyumba imeanza kukosa mbolea, majani yanakuwa ya njano, anaipita tu. Baba mdogo wa Sanya Juu ana mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, akataka kumweka kwa mama kama ilivyo desturi yetu: anayefuga anapata maziwa na mbolea, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake. Mama akakataa. Baba mdogo akarudia mara nne, na mara nne jibu likawa lilelile: "Mimi si mtu wa kupewa ng'ombe."

Mwanamke aliyefuga tangu alipoolewa. Mimi nikasema moyoni, ni majonzi, yatapita.

Naona aibu kuandika hili lakini naliandika. Badala ya kumwambia mama ukweli, nilikaa Kiboriloni namshonea ng'ombe mabawa. Nilikuwa naomba msamaha kwa aliyekufa kwa sababu hawezi kunikasirikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na fomu niliyoitunga mwenyewe.

Leo nikapanda nyumbani. Tulitoka kanisani, tukabadilisha nguo, tukakaa jikoni kumenya ndizi za supu ya mtori. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Yalipotoka yalikuwa mafupi.

"Mama, yale majani ya Mabogini. Nilimpa Kahawa siku ileile."

Hakuinua kichwa. "Mangapi?"

"Nusu ya mzigo."

"Yalikuwa na maji?"

"Yalikuwa yanachuruzika, mama."

Akaweka kisu chini. Akanyanyuka na mikono yake yenye utomvu wa ndizi, akatoka, nikamwona dirishani anakwenda bandani. Nilikaa pale na sufuria katikati ya miguu. Sijawahi kuogopa vile tangu niwe mtu mzima. Sikuogopa kugombezwa, mama akigomba ananyamaza haraka. Niliogopa kwamba akirudi ataniita mgeni, atanipa kiti cha sebuleni na chai kwenye kikombe cha wageni, na iwe hivyo mpaka mmoja wetu azikwe.

Nikamfuata. Nikamkuta ameshika nguzo ya banda, mabega yanatikisika. Nikasema, "Nisamehe, mama." Akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Ndeshi," akasema, "mimi nilimpa ndoo nzima ya machicha asubuhi ile."

Sikuelewa mara moja. Machicha ni yale makapi yanayobaki baada ya kuchuja mbege, pombe yetu ya ndizi. Ng'ombe anayapenda mno, lakini anapewa kidogo, kwa sababu yakizidi nayo yanamvuruga tumbo. Jirani alikuwa amepika mbege ya harusi, akampelekea mama ndoo. Mama alikuwa anawahi kanisani. Akamwaga yote, yasije yakaharibika.

"Daktari aliposema kuna kitu amekula," akaendelea, "nilijua ni mimi. Nimefuga miaka yote hiyo, halafu namuua mnyama kwa uchoyo wa ndoo moja. Ningemwambia nani? Wewe ungesema mama amezeeka."

Miezi mitano. Yeye huku juu, mimi huko chini, kila mmoja amembeba ng'ombe mzima peke yake.

Tulilia, ndiyo. Nitakuwa mwongo nikisema tulilia kwa staha. Halafu mama akapenga kamasi kwa kanga na kusema, "Eh, Ruwa, Mungu wangu, kumbe huyo ng'ombe alikula harusi mbili siku moja," na kicheko kikatupata palepale, kicheko cha kushika mbavu, mpaka jirani akachungulia kwenye migomba kuuliza kama kuna usalama. Nikamwitikia, "Shikamoo mama, tuko salama!" huku machozi yananitiririka. Sijui alielewa nini.

Nani alimuua Kahawa? Hatutajua. Labda majani, labda machicha, labda vyote. Mama anasema tukubali ni sisi wawili na tumwombe Mungu atupe akili ya kuacha kuwa na haraka. Nimekubali. Kosa ni lilelile na ng'ombe harudi, lakini leo nimepumua mpaka chini ya kifua.

Tulipokuwa tunakula ndipo nikamweleza habari za malaika. Nilitegemea mahubiri, mama ni mzee wa kanisa. Alitafuna kwanza, akafikiri.

"Na huko juu anakula nini?"

Nikasema sijapanga bado.

"Panga. Na usimpeleke mbali mwanzoni, atapotea. Halafu aliogopa miavuli, hilo umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Sikuwa hata najua! Kumbe kila msimu wa mvua mama alikuwa anaacha mwavuli nje ya banda na kuingia analowa, ili ng'ombe asishtuke. Nimeandika sasa. Kuruta wangu atapambana na pepo wabaya bila kupepesa jicho, ila mwavuli ukifunguka atakimbilia nyuma ya pimbi, ambaye hafiki hata magotini mwake.

Na jambo kubwa kuliko yote limejipanga lenyewe. Wiki zote hizi sikujua Kahawa apewe binadamu gani wa kulinda. Nilifikiria mtoto yatima, nikafikiria mpagazi aliyepotea kwenye ukungu mlimani. Sasa najua. Kazi yake ya kwanza ni wanawake wawili, mmoja anakaa juu na mmoja anakaa chini, na kila mmoja anaamini ndiye aliyemuua. Hana mkuki, hana upanga. Anachotakiwa ni kuwakutanisha jikoni mpaka mmoja afungue mdomo. Na kwa sababu ni kuruta atakosea kila hatua: atawaletea mvua siku isiyo yake, atamlaza usingizi fundi bomba asiyehusika, ataangusha mkungu wa ndizi kwenye bati la jirani. Kwenye fomu, pale palipo wazi, ataandika kwa kwato zake: sijui, wanaojua ni wawili na hawaambiani.

Hiyo hadithi naweza kuiandika. Naiona yote.

Saa kumi nilianza kujiandaa kushuka, maana kesho Jumatatu shule zinataka fotokopi. Nilikuwa natafuta kiatu changu mlangoni nikamsikia mama ndani anapiga simu. Mama akipiga simu anapaza sauti, anaamini Sanya Juu ni mbali.

Akamsalimia baba mdogo, akamuuliza habari za watoto, za baridi, za mahindi. Halafu akauliza:

"Yule mtamba bado yupo?"

Baba mdogo lazima alisema mengi, kwa sababu mama alikuwa anaitikia tu, ehee, ehee. Kisha akasema, "Mlete. Banda ni safi. Hapana, sitakuwa peke yangu. Majani ataleta Ndeshi."

Nilikaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mkononi.

Jumamosi nateremka Mabogini.