Gari la Ofisi Limepanda Cimpunda

Jumatano, Bukavu. Mvua imeacha, lakini ukungu bado umelala juu ya ziwa na usingizi umenikataa. Labda ni kahawa. Labda ni woga. Kwa umri wangu mtu anaruhusiwa kuchagua.

Toka jana jioni boti yetu ya watalii, iliyotoka Goma, haijafika. Ndani yake wamo Wabelgiji, wateja wa kampuni ya Bruseli inayotulisha sisi sote hapa ofisini. Yumo pia Kapiteni Murhula anayeiendesha. Mimi ni mkuu wa mahusiano na umma, jina refu la mtu anayetabasamu bandarini na kutafuta masanduku yaliyopotea.

Asubuhi Sitwayeni Direkta, yaani Mwananchi Mkurugenzi kama tunavyotakiwa kumwita, aliniita. Teleksi ya Bruseli ilikuwa mezani: watu wetu wako wapi? Akaniamuru nijibu kwamba wote wamelala salama kisiwani Idjwi. Nikamuuliza habari hiyo ameileta nani. Akasema hakuna aliyeileta, lakini bila shaka ndivyo ilivyo.

Nikaandika: hatujui bado, tunatafuta, tutawaandikia kila mara hata kama hatuna jipya. Nikaituma kabla hajaisoma. Ushujaa huo sijui niliutoa wapi. Nyumbani hata paka hunishinda kwa hoja.

Halafu nikaharibu kila kitu.

Niliwaza hivi: kama Bruseli wanastahili ukweli, mke wa Murhula anastahili zaidi, tena kabla maneno ya barabarani hayajamfikia. Nikavaa abakosti yangu nyeusi, suti isiyovaliwa tai, ile ya heshima, nikapanda gari la ofisi mpaka Cimpunda, mtaa wao wa kilimani. Nikasahau jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Mfanyakazi akiugua, ofisi inatuma mwenzake kwa miguu. Akifa, ndipo gari linapanda, na ndani yake mkubwa amevaa nguo nyeusi.

Sikuwahi hata kufungua mlango. Mwanamke wa kwanza aliyeniona kupitia kioo cha gari aliweka mikono kichwani, na kilio kikashika kilima chote. Nilipomfikia Mama Nsimire, mke wa Murhula, alikuwa ameshakalishwa chini, macho makavu, na majirani wanatoa viti nje kwa ajili ya matanga. Nikasema hajafa, ni kwamba hatujui tu. Hakuna aliyesikia. Nikasema kwa sauti kubwa zaidi, wakalia kwa sauti kubwa zaidi.

Kabla ya saa sita kilio kilikuwa kimefika hotelini kwa watalii wengine. Wazungu wakaanza kukimbilia simu. Direkta akajifungia ofisini. Teleksi nyingine ikaingia: je, ni kweli kwamba mnaomboleza?

Nikajibu: wanaomboleza, kwa kosa langu. Bado hatujui.

Nilikaa karibu na mashine ya teleksi kama mtu anayengoja hukumu. Niliomba hata kwa watakatifu ambao siwajui vizuri.

Alasiri sista mmoja wa misheni akapiga simu. Redio yao ilikuwa imeipata parokia ya Idjwi. Injini ilizimika, wavuvi wakaivuta boti mpaka ufukoni. Wote wazima, wanakula mananasi.

Bruseli waliniamini papo hapo. Cimpunda hapana. Nilipanda kwa miguu, nahema kama mbuzi mnene, nikasimama mbele ya Mama Nsimire.

“Tonton, asubuhi ulikuya na gari kusema alikufa. Sasa unakuya na miguu kusema iko muzima. Nishike ya gani?”

“Maman, mimi sikusema amekufa.”

“Nguo yako ilisema.”

Akasema ataamini sauti ya mume wake, si yangu. Basi tukateremka hadi misheni, matanga yote nyuma yetu. Redio ikakoroma, ikakohoa, kisha sauti ya Murhula ikatokea kutoka Idjwi, ameshasimuliwa yote, anauliza kwa hasira ni nani aliyemuua.

“Watu bamejaa ku nyumba,” mke wake akamwambia. “Banangoja chakula ya kilio. Kuya haraka, utabapikia weye mwenyewe.”

Wote wakacheka. Mama Nsimire akageukia ukuta, na hapo ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Direkta anataka kesho nimletee ripoti ya jinsi tulivyoituliza hali. Nitaandika nini, mimi niliyemfanya mwanamke wa watu mjane mpaka alasiri?