Gauni Halijashonwa, Meseji Imeshafika

Dada, nimechoka mpaka kope zinauma. Alfajiri, kungali giza, nasikia mfuniko wa sufuria unagonga, ta-ta-ta. Kumbe ni simu yangu niliyoiweka juu yake, inatetemeka.

Wateja wa duka la ushonaji, majibu yao yanaingia kwangu! "Asante, nakuja kuchukua nguo." Wote. Wote, dada!

Unaikumbuka ile webhook niliyokuwa naiunganisha? Fundi akibonyeza kwamba nguo imekamilika, mfumo wa oda unaupasha habari mfumo wa meseji, na mteja anaitwa hapo hapo. Jana kabla ya kulala niliijaribu kwa oda zote, nikasahau kuweka namba yangu ya kupokea badala ya namba zao. Nguo zenyewe hazijashonwa hata nusu!

Na bosi wa duka alishasema, jaribio likienda sawa ananiajiri.

Nimefika dukani nimemshika mwanangu mkono, nakuta bibi harusi amenitangulia na shangazi zake. Bibi harusi, dada! Bosi akanitazama, akamgeukia bibi harusi: "Tulia binti, gauni linapigwa pasi huko ndani."

Ananisitiri! Nikapumua. Nikajiambia, kumbe kazi bado nitaipata.

Shangazi mmoja akabetua midomo. "Pasi gani hiyo, tangu tufike?"

"Gauni la harusi haliharakishwi, dada yangu," bosi akajibu.

Hapo mwanangu, kumbe alishaniponyoka, akatoka nyuma ya pazia la chumba cha kushonea, akamwambia bibi harusi kwa sauti: "Gauni lako bado ni kitambaa."