Paka Mliyeniazima

Dada Stara,

Shikamoo. Huku Dodoma tu wazima, ila upepo na vumbi ndiyo hivyo tena.

Uliuliza kama paka wa mama anafukuza panya huku ghorofani. Aliwafukuza. Magunia ya mahindi niliyonunua Kibaigwa nimeyapanga sebuleni, na hayakutobolewa hata moja. Wengi hakuwakamata. Walisikia harufu yake tu, wakahamia kwa jirani yangu Ebenezer.

Akanitania, "Bwana Swedi, umeniletea wapangaji wasiolipa kodi!"

Nikacheka, nikamnunulia sumu ya panya sokoni. Niliona ndiyo ujirani mwema. Sikuwaza kwamba panya aliyekula sumu hakimbii vizuri, na paka haulizi panya katokea mlango gani.

Alikufa kabla ya Ramadhani, dada. Zile salamu kwamba amenenepa zilikuwa uongo wangu.

Najua mama anamwulizia kila jioni, na anamtaka arudi huko kijijini Busi kabla hamjavuna. Naomba usimwambie. Ijumaa nakuja kumwambia mwenyewe. Akinifukuza, usimzuie.

Mdogo wako,
Swedi