Pera Lenye Alama ya Meno Yako

Mama Masika, jirani yangu mpendwa wa Beni,

Juzi mwanamume mmoja alinipigia simu hapa Likasi. Alisema yeye ni mtoto wa dada yako, kwamba uliugua homa, kwamba wamekuzika Butembo. Alisema kwa upole, maneno yamepangwa vizuri, kama mtu anayesoma. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Binti yangu Riziki akaniuliza ni nani. Nikamwambia kuna mtu anasema Mama Masika amekufa. Akalia papo hapo. Mimi sikulia, kwa sababu simwamini yule mtu.

Unanijua. Ni wewe uliyewatangazia akina mama wa sokoni kwamba hata padri akinipa komunyo nitamwomba aonje kwanza. Na kweli huwa anaonja kwanza, ndiyo maana sijawahi kuwa na shida naye.

Nimeyafikiria maneno ya mpwa wako, kama ni mpwa wako. Kwanza, anasema ulifia Butembo. Wewe, uliyekuwa ukipanda Butembo asubuhi kununua matunda ya marakuja na kurudi siku hiyo hiyo, ukilaani baridi yake njia nzima, ukafie huko? Pili, hakuniomba mchango wa matanga. Mtu anatangaza msiba kwa simu, kutoka mbali vile, halafu haombi kitu? Hilo ndilo linalonitia shaka zaidi.

Tatu nitakuambia mwishoni.

Nilifika Beni nikiwa mwalimu wa serikali, mjane, na Riziki mgongoni. Vita ilipoikata nchi, Likasi, kwetu Katanga, ikabaki upande mwingine, na barua ya kwenda kwa mama yangu ikawa lazima ipite katika nchi za watu. Nilikuwa Kongo, lakini nilikuwa ugenini. Watoto darasani walicheka Kiswahili changu. Askari kizuizini walipenda kuniuliza mimi ni wa nani, na sikuwahi kujua jibu walilolitaka.

Ugeni ule ulikuwa na utamu wake, siwezi kukataa. Meza yako ilikuwa mbele ya ua wangu. Mananasi yalitoka shambani kwako Mbau, mapapai yaliletwa kutoka Mutwanga kwa pikipiki, marakuja na avoka zilitoka milimani Butembo, na mapera yalikuwa ya mti wako mwenyewe nyuma ya jiko. Kwetu Likasi nanasi lilifika kwa treni limechoka, nyumba nzima tukaligawana kwa vipande vyembamba. Kwako nilikula nanasi zima peke yangu, nimesimama, maji yananishuka hadi kwenye viwiko, na bei yake ilikuwa kama bure. Avoka moja, chumvi kidogo na mkate, ndicho kilikuwa chakula chetu cha jioni, na Riziki alinenepa mashavu wakati mshahara wangu haujulikani uko wapi.

Ila nilishuku. Kwetu, kitu kizuri kikiuzwa rahisi vile, kimeibwa au kimeoza ndani.

“Madame, nanasi yangu iko na kosa gani?” uliniuliza. “Unaiangaliaka sawa police.”

“Juu ya nini iko bei chini hivi?”

“Njia imekufa. Camion za mizigo haziendake tena Kisangani. Nanasi haitangoja vita iishe. Kula.”

Sikula. Nilikuwa nimeshasikia habari za sumu, kila mtu pale alikuwa amezisikia, na nilikuwa nimeona kwamba kwenu anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni akiangalia. Basi nikangoja. Ulinitazama, ukachukua pera mezani, ukang'ata, ukatafuna, ukameza, kisha ukafungua kinywa nione kwamba hakuna kitu. Ndipo nilipoona pengo lako, jino la mbele, la juu. Lilivunjika utotoni ulipokuwa unapigania muwa na kaka yako. Ulinipa pera lile, na kwenye nyama yake, katikati ya alama za meno, palibaki ukingo mdogo uliosimama wima mahali ambapo hapakuwa na jino. Nilikula upande uliobaki.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Nanasi, unakata kipande cha kwanza unakula wewe. Papai, hivyo hivyo. Wanunuzi wengine walinung'unika kwamba mwalimu huyu wa Katanga anakudharau. Wewe ukawajibu, “Mumuache. Iko na mutoto moya tu.”

Kisha ikaja ile safari yangu ya Butembo. Shule ilikuwa haina chaki, wakanituma mimi nikaombe kwa masista. Barabara haikuwa ya kumpeleka mtoto, basi Riziki nikakuachia wewe. Nilipofika Butembo tu, bunduki zikalia Beni. Barabara ikafungwa. Nilibaki kwa masista na maboksi yangu ya chaki, na kila aliyepanda kutoka huko alikuja na habari yake. Mmoja aliona mtaa wetu umeungua. Mwingine alisema watu wote wamekimbilia Mbau. Mwingine alisema Mbau hakuna mtu. Sikumwamini hata mmoja, na kutoamini huko ndiko kulikoniwezesha kulala.

Halafu akaja yule mwenye pickup, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akauliza mlangoni mwalimu wa Katanga ni nani.

“Mama Masika amenituma. Njia imefunguka kidogo. Anasema tutelemuke lelo, kesho haijulikane. Mutoto iko muzima.”

Nilimuuliza Mama Masika ana sura gani. Akasema. Nikamwambia sura yako inajulikana na kila anayepita barabarani. Nikamuuliza jina la mtoto. Akasema Riziki. Nikamwambia jina la Riziki liliitwa kwa sauti pale uani kila jioni, hata askari walilijua. Wakati ule watu waliitwa hivyo hivyo, kwa jina la mtu wanayempenda, wakapanda gari, wakateremshwa njiani, wasionekane tena. Na mimi nilikuwa mtu wa upande wa pili. Nilitaka kupanda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa sababu hiyo hiyo nilizidi kumshuku.

“Sipandi,” nikamwambia.

Yule bwana akapumua kwa nguvu. Akasema, “Bon. Mama ule alisema utakataa. Akasema, akikataa, mupe hii.” Akatoa mfukoni pera lililofungwa kwenye jani la mgomba.

Lilikuwa limeng'atwa mara mbili. Upande mmoja alama zako, na ule ukingo mdogo umesimama katikati. Upande wa pili, karibu kabisa na zako, alama nyingine, ndogo, za meno ya mtoto, zimekwaruza tu kwa sababu pera lilikuwa bado gumu.

Nilipanda juu ya magunia ya maharage. Nilikula pera lile njiani, taratibu, na nilianzia upande wa Riziki. Ulinipokea kwenye ua na mtoto mbavuni, midomo yake imejaa marakuja, na neno la kwanza uliloniambia lilikuwa kuuliza chaki iko wapi.

“Wasingya,” nikakuambia. Lilikuwa neno pekee la Kinande nililolijua, asante, na mpaka leo najua hilo tu.

Vita ilipotulia na ndege zikaanza kutuchukua sisi wa mbali, ulinisindikiza na kikapu cha mapera. Nilikaa nakuangalia, sijachukua hata moja. Ukaniuliza, “Mupaka lelo?” Nikakujibu, “Mupaka lelo.” Ukacheka, mkono mdomoni, ukang'ata la juu kabisa, ukanipa.

Hapa Likasi mambo si mabaya. Mananasi yanapatikana, ghali, na hayana harufu. Muuzaji wa kona namwambia aonje kwanza, anadhani nina kichaa. Riziki ni mkubwa, naye anafundisha. Ananiambia, “Mama, acha. Mtu huyo hana sababu ya kudanganya.” Kwa siku mbili hizi anapika na kunitazama kwa jicho la huruma, na sipendi.

Sasa lile la tatu. Kabla sijakata simu, yule mwanamume alisema kitu ambacho sikumuuliza. Alisema mwishoni ulikuwa mzee sana, meno yote yamekwisha, walikuwa wanakupondea avoka kwa kijiko. Alisema kila kijiko ulikuwa unakirudisha, unataka anayekulisha aonje kwanza, na hakuna aliyejua umepata wapi tabia hiyo. Akadhani labda mimi ninajua. Nikasema sijui.

Mama Masika, nimekaa na neno hilo usiku na mchana. Natafuta mahali lilipo na uongo, na sijapaona bado. Ninaogopa. Nasema wazi hivyo kwa sababu hupo hapa kunicheka. Kama ni kweli, basi nimebaki na simu ya mtu nisiyemjua, na hiyo hainitoshi kwa mtu kama wewe.

Hivyo ninakuomba kama nilivyokuwa nakuomba mezani pako. Mti wa nyuma ya jiko bado upo, nina hakika, mipera haifi upesi. Tafuta mwenye gari, hata awe na kofia mbaya kiasi gani. Mpe pera moja, lifunge kwenye jani, umwambie nitakataa. Ukiwa na meno, ling'ate. Kama meno yamekwisha, libane kwa fizi tu. Nitajua.

Ninangoja uonje kwanza,
jirani yako wa Katanga,
Mama Riziki