Anachosema Prezida Kormo

Salamabila, 9 Mei 2025

Kwa yaya Faridah,

Assalam aleikum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, dada yangu, na mama anameza dawa yake ya tansiyo, damu isipande, bila kugombana nawe. Nisalimie mtaa mzima, hata yule jirani anayetuibia kuni. Mimi mwili hauna neno, ila roho imebanwa.

Rezo ya simu imekatika tangu mlingoti uanguke, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Pacifique, yule motari wa pikipiki, anajua vijia vya msituni. Barua ataificha ndani ya mchele. Njia ya kuja kwenu Kasongo imefungwa. Wenye silaha wameziba barabara kwa bariera kila upande, na kijana anayejaribu kutoka anarudishwa kwa fimbo. Nilikuja kuchajia wachimbaji simu kwa muda mfupi tu, nirudi nyumbani. Sasa niko kama kuku ndani ya tenga.

Kinachonituliza ni seri yetu, ile tamthilia ya Prezida Kormo na nchi yake isiyo kwenye ramani. Flashi uliyoninakilia ninayo bado. Kila alasiri naitia kwenye televisheni ya batri, watu wanajaa mbele ya kibanda changu. Tukimaliza tunaanza upya, hakuna anayelalamika. Kifaransa wengi hawakisikii, kwa hiyo nasimama pembeni natafsiri neno kwa neno. Pale waziri anapojiuzulu kwa sababu amedanganya, wanapiga kelele: "Anatoka ye mwenyewe? Rudisha! Rudisha pale!" Narudisha. Octave, fundi matofali anayelala chumba kimoja nami, anacheka mpaka machozi. "Ile inchi iko wapi?" anauliza. "Tuhamie kule sote."

Kwa saa moja kuna mkubwa anayesikiliza watu, yaya. Kisha batri inakwisha.

Mdogo wako,
Djamali


Kasongo, 24 Mei 2025

Mdogo wangu Djamali,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika ikinuka mchele, nasi tumefurahi mno. Mama anakusalimia, anauliza unakula nini na nani anakufulia. Nimemwambia hufui, akacheka.

Utashangaa: na sisi tunaiangalia hiyo hiyo. Nikitoka sokoni nafunga mlango, nampikia mama majani ya sombe, naiwasha. Kifaransa changu unakijua, namtafsiria ninavyoweza. Kormo akivua miwani kabla ya kujibu, mama anatikisa kichwa: "Huyu mutoto, mama yake alimulea muzuri." Habari za redio zimenichosha. Heri huyu, hata nikijua tayari atakachosema.

Lakini nisikilize. Pacifique anasema anaweza kukupitisha msituni. Acha televisheni, acha pano ya jua unayochajia, acha kibanda. Vitu vitapatikana, Djamali mwingine mimi simpati popote. Njoo.

Yaya yako,
Faridah


Salamabila, 17 Juni 2025

Kwa yaya Faridah,

Assalam aleikum. Idi imepita, nimeswali nikiwaza pilau yenu. Natumaini mnaendelea vizuri. Barua hii usiisome kwa sauti mbele ya watu.

Nilikuwa tayari kutoka. Begi nilishalifunga. Alasiri ile ile Komanda wa wenye silaha akaja kibandani. Watu wote wakasimama. Akasema, "Mukae. Na mi ninataka kuangalia." Akaketi mbele, bunduki magotini, na tangu hapo hakosi.

Kifaransa hajui, yaya. Anakisikia kupitia mdomo wangu.

Wiki zile walikuwa wamewakataza wamama kwenda mashamba, mihogo ikaoza ardhini. Tulipofika sehemu ya sita, pale Kormo anagombana na majenerali wake juu ya ujenzi wa daraja, sijui nini kilinipata, ulimi ukanitoka: "Prezida anasema, wamama waende mashamba. Mukubwa mwenye watu wake wanalala njaa, huo ukubwa wake ni wa nini?" Nikajua nimejichimbia kaburi. Komanda akatikisa kichwa polepole kukubali, namna mama anavyofanya. Kesho yake wamama waliruhusiwa kwenda shamba mpaka adhuhuri.

Sasa nikifungua kibanda asubuhi nakuta watu wananisubiri kwa minong'ono. "Djamali, leo Prezida aseme juu ya kisima walitufungia." "Djamali, aseme juu ya infirmiye, walimufungia bure." Nimesema juu ya kisima, tunachota. Nimesema juu ya infirmiye, ameachiwa, leo anatibu watoto. Sijawahi kuwa na faida kwa watu namna hii, na nakiri ilinifurahisha.

Pacifique alikuja kunichukua juzi. Akakuta askari wawili mlangoni pangu. Komanda amewaweka wanilinde, ndivyo anavyosema, na wananifuata hata chooni.

Mdogo wako,
Djamali


Kasongo, 3 Julai 2025

Djamali,

Salamu nyingi. Sisi wazima kiasi, nitakueleza.

Kwanza nikugombeze. Sehemu ya sita naijua kama mfuko wangu. Hamna wamama mle, wala mihogo! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaanza kuogopa. Katika askari wote wa Komanda hakuna hata mmoja aliyekaa shuleni? Siku mmoja akisema, "Komanda, siyo vile anasema," utafanya nini?

Na kama huwezi kuacha, mbona Kormo wako anamkumbuka kila mtu isipokuwa wewe? Mama alianguka kwenye ua Jumatatu. Tumempeleka hospitali, tumerudi naye, lakini mkono wa kushoto hauinuki na maneno yanamtoka nusu nusu. Jina lako analitamka sawasawa. Daktari hakutaka kunitazama usoni nilipomuuliza, basi nimeelewa.

Prezida aseme juu ya mtoto ambaye mama yake amelala mgonjwa. Sema leo, usingoje kesho.

Yaya yako,
Faridah


Salamabila, 8 Agosti 2025

Kwa yaya Faridah,

Assalam aleikum. Mwambie mama namuona kila nikifumba macho. Barua hii inaletwa na Octave mwenyewe. Mpokee kama ndugu.

Nilifanya ulivyosema. Unakumbuka pale Kormo anapoagana na dereva wake? Nikasema: "Prezida anamwambia dereva, umenitumikia vizuri, sasa rudi kwa mama yako, iko mugonjwa." Watu wengine walilia. Komanda akasema, "Apa Prezida anakosea. Mutu mwenye kukufaa, haumuachie."

Nikaona mlango mdogo umefungwa, nikajaribu mkubwa. Kwenye hotuba ya uchaguzi nikamtia Kormo maneno mengine: mkubwa wa kweli haogopi watu wake kuondoka, anafungua njia, na wanaompenda watarudi. Nilidhani ikifunguliwa kwa wote, na mimi nitapita katikati yao.

Wiki iliyopita Komanda aliita watu wote sokoni. Alikuwa amevaa miwani, sijui aliipata wapi. Akaivua, akatangaza: anayetaka kwenda Kasongo aende, bariera zitafunguliwa. Watu walishangilia, wamama wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga kelele kuliko wote. Ndipo akaniwekea mkono begani. "Wote," akasema, "isipokuwa huyu. Huyu ni sauti ya Prezida."

Watu wakapiga makofi.

Yaya, walipiga makofi. Watu niliowapatia maji. Octave tu ndiye niliyemuona ameweka mikono mfukoni.

Wameondoka sasa, Octave ndiye wa mwisho. Wanaoangalia ni Komanda na watu wake. Tunamaliza, tunaanza tena. Ile seri iliyokuwa inanipumzisha, nikisikia muziki wake wa mwanzo natamani kuziba masikio. Nimechoka kusema kwa mdomo wa mtu mwema.

Mdogo wako,
Djamali


Kasongo, 30 Agosti 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Salaam aleikum kutoka kwangu na kwa mama. Anakaa kwenye mkeka mlangoni, anakula kidogo. Octave amefika, miguu imevimba, lakini yuko hai. Barua yako nilimsomea mama yote. Nilitaka kuruka yale ya makofi, akaona macho yangu yanaruka, akanilazimisha nirudi.

Watu wako wanakuja kila siku. Wanauliza mtaani, "Kwa mama yake Djamali ni wapi?" Wanaleta unga, kuku, mafuta ya mawese. Jumapili walijaa ua mzima, wakaomba niwashe Kormo. Nikaanza kutafsiri kama ilivyo. Wakanikatiza. "Hapana, mama Faridah, siyo vile. Apa anasema wamama waende mashamba." Wakasema wao, mmoja akianza, wengine wakimalizia, maneno yako yote. Mama alisikiliza bila kugeuza shingo. Tangu augue sijamuona ametulia vile.

Ilipokwisha, wakaja mmoja mmoja kumuaga. Akamuuliza wa kwanza, kwa ule mdomo wake mzito: "Na we, ulipiga makofi?"

Mwanaume yule akatazama pembeni. Akamuuliza wa pili, na wa tatu. Mwingine aliweka kuku wake chini akatoka bila kuaga. Mimi moyoni nilitaka kuwafukuza wote na unga wao, nakwambia kweli. Niliwachukia.

Kisha akafika mwanamke mmoja, mtoto mgongoni. Mama akamuuliza. Hakutazama pembeni. "Nilipiga, mama. Niliogopa atageuza neno lake, mutoto wangu abaki kule. Nilipiga kwa nguvu."

Mama akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamketisha mkekani, akaniambia nilete chakula.

"Kula," akamwambia. "Hata mi ningepiga."

Djamali, naongeza hapa chini: bariera zimefungwa tena. Pacifique amerudishwa njiani na barua hii. Nampa tena leo ajaribu upande wa Nyangwe. Ikikufika, andika hata neno moja.

Ni mimi, yaya yako,
Faridah