Shimo la Takataka

Suzan, niko Lusahunga kwa marehemu mama. Kaka yangu Bonaventura kanitia kinyaa!

Unajua nilikuja kukubali. Nyumba imepasuka, paa linavuja, nikasema basi, tubomoe tuuze kiwanja.

Mnunuzi kaja, mzee mmoja anayetafuta pa kuegesha malori. Akauliza, "Kuna makaburi?"

Bona akajibu, "Hakuna."

HAKUNA, Suzan! Na mama tulimzika nyuma kwenye migomba, wewe mwenyewe ndiye uliyebeba msalaba!

Nikakimbilia nyuma. Msalaba haupo. Kaung'oa, kapanda maharage juu ya kaburi. Yameshaota!

Mzee akatufuata, akaona tuta. "Na hapa mlichimba nini?"

"Shimo la takataka."

Shimo la takataka. Mama yetu. Hata macho hakupepesa.

Mzee wa watu akamaliza maji yake, akatupa chupa pale pale kwenye maharage. Si kaambiwa ni jalala?

Nikainama nikaiokota. Nikamwambia, "Mzee, hapa amelala mama yetu."

Akavua kofia, akamwomba mama msamaha. Mgeni, Suzan!

Mwanawe wa kumzaa kaninunia, eti nimemharibia biashara.

Sisaini.