Vitunguu Saumu vya Mama wa Kalinzi

Kalinzi, 12 Novemba 1974

Mwanangu Melania,

Hujambo huko Tabora? Wagonjwa wako wodini wanaendeleaje? Mimi mzima, ila nina hasira. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima si bure.

Mwenyekiti Feliksi amesimama mkutanoni akasema kilimo sasa ni cha kufa na kupona, kwa hiyo ning'oe vitunguu saumu vyangu nipande mihogo. "Hicho si chakula," akasema. Nikamjibu mbele ya watu: "Mihogo ninayo ekari nzima. Na samaki mgebuka wa mawese bila kitunguu saumu, mpe paka." Watu wakacheka. Amenipa wiki mbili.

Sing'oi.

Mama yako,
Bibiana

Tabora, 30 Novemba 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, lakini barua yako imeninyima raha. Mama, ng'oa tu. Watakuweka ndani, nawe una presha. Tena kaka Dismasi ameniandikia kwamba vidonge umeacha, kila asubuhi unatafuna punje za kitunguu saumu. Kwenye chakula ni kizuri, hata daktari wetu anakisifu, lakini hakishiki nafasi ya dawa. Meza vidonge, nakuomba. Nijibu upesi.

Mwanao,
Melania

Kalinzi, 9 Machi 1975

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimekutia wasiwasi kwa kukaa kimya. Mimi mzima.

Waliniweka ndani siku tatu, ofisi ya kata. Vidonge nilimeza humo humo, muulize karani. Niliporudi nikakuta shamba jeupe, vitunguu vyote vimetupwa njiani. Nililia, sikufichi. Kisha nikavitazama vizuri: vilikuwa vimekomaa! Wamenivunia bure.

Majirani wakaviokota, wakavikausha juu ya meko. Walipovileta nikawaambia, "Sivitaki. Kila mwanamke apande mlangoni kwake." Veneranda, mke wa Mwenyekiti, akauliza kwa sauti ndogo, "Hata mimi, mama?"

"Wewe hasa," nikamwambia, nikampa vichwa vitatu.

Sasa vimeota kwenye nyumba thelathini na moja. Mwenyekiti ametangaza ukaguzi Jumatatu, nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa navyo ataona.

Nimempelekea ujumbe kwamba aanzie kwake.

Mama yako,
Bibiana